Jina la Gillian

Utrecht, Uholanzi
19 Novemba 2023

Shangazi Jumwa,

Shikamoo. Huku jua linazama saa kumi na nusu, na mimi bado naamka kwa saa za Kwale. Mama ameniambia kwamba Tiwi hakujaharibika kitu ila choo kimeanguka, na kwamba mke wa kaka Chengo amejifungua salama mtoto wa kike. Mfikishie Chengo hongera zangu. Simu yake inaita tu, haipokewi. Yako haiingii kabisa, ndiyo maana naandika kupitia kwa Esha, yule msichana wa Msambweni anayejitolea pamoja nasi. Amesema mko kambi moja pale shuleni na kwamba atakuazima tableti yake.

Jambo lenyewe ni hili, Shangazi. Tangu Mto Ramisi ufurike, mimi na wenzangu, wengine wakiwa Nairobi na wengine huku, tumefungua tovuti tuliyoiita Tuonane. Aliyezingirwa na maji anatuma ujumbe mfupi: yuko wapi, wako wangapi, wanahitaji nini. Sisi tunauweka kwenye ramani kama nukta nyekundu. Mwenye boti akiifungua anajua aelekee wapi, na mwenye lori la unga anajua kambi ipi haijapata. Msaada ukifika, nukta inageuka kijani. Kabla ya hapo malori yalikuwa yakifuatana hadi kambi za kando ya lami, na za ndani zinashinda na njaa.

Kuna ukurasa wa pili, na huo ndio ninaoupenda zaidi. Una majina ya waliofika kambini salama. Mtu aliyeko Mombasa au Dubai anaandika jina la nduguye, analiona, anapata usingizi. Esha ndiye anayeandika majina ya kambi yenu, lakini watu wanakufahamu wewe kuliko yeye. Tafadhali kaa naye, wasiogope kujiandikisha.

Mwanao,
Sidi


Msambweni
24 Novemba 2023

Mwanangu Sidi,

Marahaba. Mimi ni mzima. Nyumba imeingia maji hadi madirishani, na simu yangu ilikuwa juu ya meza, basi. Mbuzi tuliwahi kuwapandisha. Hotelini Diani wamesema nisirudi kwenye dobi mpaka barabara ipitike, kwa hiyo napumzika kwa lazima, jambo ambalo hujapata kuniona nikilifanya. Tunalala darasa la nne. Ubaoni bado kuna hesabu za kugawanya na hakuna aliyezifuta.

Ramani yenu inafanya kazi. Naandika hivyo kwa sababu nilikuwa na shaka nayo. Jumanne kulikuwa na familia juu ya paa la duka kule bondeni, na mzee wao amepooza, hawezi kushushwa ila kwa boti. Esha aliandika ujumbe mbele yangu. Wali ulikuwa haujaiva, boti ya hoteli moja ya upande wa Chale ikawa imeshawafikia, na nahodha wake hakuwa amewahi kuingia kijiji kile. Yule mzee alipoletwa aliuliza nani aliyewaelekeza. Nikamwambia ni binti wa kaka yangu, yuko Ulaya. Alicheka, akadhani namtania.

Majina nayo tunaandikisha. Sasa nina ombi. Kuna jina moja naomba mlitoe: Gillian Gerishom, msichana, miaka sita. Aliandikwa na msaidizi wa Esha wakati mimi sipo. Litoe leo ukiweza, na usiniulize sababu.

Mtoto wa Chengo wamempa jina la Jumwa. Sikuwaomba.

Shangazi yako,
Jumwa


Utrecht
28 Novemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za Jumwa mdogo. Niambie amemfuata nani kwa sura. Mimi nilishikwa na mafua makali lakini nimepona.

Ombi lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Nimefungua taarifa za mtoto huyo, na hakuna mzazi aliyeandikwa pamoja naye. Kwetu sisi mtoto aliye peke yake kambini ndiye wa kwanza kutafutiwa watu wake, na jina lake ndiyo njia pekee tuliyo nayo. Tena tuna kanuni kwamba jina halitolewi ila kwa sababu inayoeleweka. Hatukuiweka bure: mtu mmoja alitusihi tulifute jina la nduguye, na baadaye tukagundua kwamba wanagombania shamba.

Unajua kwa nini mimi sipendi jina lipotee. Baba alipogongwa na gari njia ya Voi alilazwa chumba cha maiti bila jina. Wewe na Mama mlizunguka hospitali moja baada ya nyingine na picha yake mkononi, na mlipofika ya mwisho alikuwa ameshazikwa na watu wasiomjua. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Nipe sababu, Shangazi, nami nitaitetea mbele ya wenzangu.

Sidi


Msambweni
1 Desemba 2023

Sidi,

Hatujambo. Mvua imerudi, mtandao unakuja na kuondoka, na barua yako nimeipata jana.

Nazikumbuka hospitali zote. Mama yako nilikuwa nimemshika mkono asianguke. Habari za kaka yangu usinifundishe.

Sababu ipo, lakini si yangu. Nimepewa niiweke, nami nikakubali kuiweka. Ningekuwa wa kumwambia mtu, ningekuambia wewe. Mtoto hayuko peke yake. Litoe jina, mwanangu.

Jumwa


Utrecht
2 Desemba 2023

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na naona kambi yenu haijatuma kitu chochote tangu juzi, kwa hiyo nadhani mtandao umekatika. Naandika hivyo hivyo, itakufikia itakapokufikia.

Nilikuwa na uzito moyoni kuhusu yule mtoto. Nitasema wazi, ingawa ni vigumu kumwambia mtu aliyenilea. Nilidhani umemzoea. Mtoto asiye na mtu, na wewe Mungu hakukujalia, nani angekulaumu? Lakini sasa furahi pamoja nami. Baba yake amepatikana! Anaitwa Gerishom, yuko bara, aliandika jina la bintiye kwenye tovuti yetu akaliona. Barua yake ilitugusa wote. Amesema hajamwona tangu mwaka jana, kwamba hana lawama na mtu, anataka tu kujua kama mtoto anakula na kulala. Ametuma cheti cha kuzaliwa na picha. Mwenzangu mmoja alilia alipoisoma.

Nilimjibu mimi mwenyewe. Nimemweleza shule ilipo, pa kushukia Msambweni, na kwamba akifika amwulize shangazi yangu Jumwa. Anapanda basi leo jioni. Tafadhali mpokee vizuri.

Mwanao anayekupenda,
Sidi


Msambweni
9 Desemba 2023

Sidi,

Sisi ni wazima. Maji yameshuka, daraja linaonekana, na Chengo ameleta Jumwa mdogo nimwone. Amefanana na mama yako.

Barua yako ya tarehe mbili ilifika Jumapili mchana, mtandao uliporudi. Gerishom alikuwa ameshafika. Siri niliyokuwa nimeishika sasa imesemwa mbele ya watu na mwenyewe, kwa hiyo naweza kukuandikia.

Chumba changu cha uani nilikipangisha mwaka jana kwa mwanamke wa bara anayeitwa Faith. Alikuja na mtoto mmoja na mfuko mmoja. Nilimtafutia kazi pale kwetu kwenye dobi. Siku moja tukikunja mashuka aliniambia kwamba amemkimbia mume, akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hata ndugu. Tulipokuja kambini alikataa kuandikwa. Lakini mtoto aliulizwa jina na mtu mwema aliyekuwa akigawa biskuti, naye akalitaja lote, pamoja na la baba yake, kama walivyofundishwa shuleni. Ndivyo Gillian alivyoonekana hana mzazi.

Gerishom alikuja na shati lililopigwa pasi. Hakupaza sauti hata kidogo. Aliwasalimia wazee kwanza, kisha akamwonyesha Esha simu yake, ujumbe wako na jina lako chini yake. Esha alifurahi. Watu wakasimama kumpa pole, na kina mama wengine wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye sufuria la maharagwe.

"Shikamoo, mama," akaniambia. "Mimi ni baba yake Gillian. Nimeelekezwa kwako."

"Mtoto huyo hayupo," nikamwambia.

"Hapa imeandikwa yupo."

"Mashine huandika mengi."

"Hii si mashine, mama. Ni Sidi. Ameniambia wewe ni shangazi yake."

Sijawahi kulikana jina lako, na siku hiyo nilitamani kulikana.

Basi mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanyoosha kidole. "Si yule pale karibu na tangi?" Gillian alikuwa ameshika bakuli la uji. Alimwona baba yake. Hakulia, wala hakukimbia. Aliliweka bakuli chini polepole, akaenda akasimama akiwa ameuelekeza uso wake ukutani, mikono nyuma. Vigelegele vikakatika.

Kulikuwa na askari mmoja anayelinda kambi. Alikisoma cheti cha kuzaliwa, akakigeuza, akakisoma tena. "Karatasi ziko sawa, mama," akaniambia. "Mpeni mtoto wake." Aliyasema bila ubaya. La kumjibu nilikuwa nimeapa nisiliseme.

Faith alikuwa nyuma ya madarasa anafua. Geti lilikuwa karibu naye, angeweza kutoka tusimwone tena. Alikuja mikono ikichuruzika povu, akasimama katikati ya mtoto na baba.

"Afande, kabla hujampa, niangalie mimi," akasema.

Akavua kitambaa cha kichwa. Nimeishi naye mwaka mzima na sikuwahi kumwona kichwa wazi. Sikio lake la kushoto halipo. Pana kovu tu, kutoka utosini hadi shingoni.

"Ni panga. Na huyu nilikuwa nimembeba mgongoni."

Gerishom hakukana. Alisema kwa upole ule ule, "Faith, mambo ya nyumbani hayasemwi mbele ya watu."

Hakuna aliyemgusa. Kina mama waliinuka tu mmoja baada ya mwingine, wakiwemo wale waliopiga vigelegele, wakaenda wakajaa kati yake na ule ukuta. Askari akakikunja cheti, akamwambia, "Twende kituoni tukaandike maelezo." Akatoka naye. Faith naye aliandika maelezo yake alasiri. Wanasema kesi itaitwa. Gerishom aliachiwa, na Jumatatu alionekana Ukunda akiwaulizia Faith na mtoto, lakini walikuwa wameshaondoka. Walikokwenda sikuandikii.

Kabla hajaondoka Faith aliniuliza jambo moja. "Huyo Sidi alijuaje kwamba ile barua ni ya kweli?" Nikamwambia kwamba ilikuwa ya kweli, kila neno.

Lile ulilodhani juu yangu na mtoto, nimelisoma.

Jumwa


Utrecht
10 Desemba 2023

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari za huku za kukupa.

Nilipomaliza barua yako nilifunga ukurasa wa majina kabla sijawauliza wenzangu. Tangu hapo wanatuandikia watu wenye uchungu. Mama mmoja wa Lunga Lunga anamtafuta mwanawe, anauliza kwa nini tumemfungia mlango. Siwezi kumwambia. Wenzangu nao wamegawanyika. Mmoja alisema kwamba tumewakutanisha watu wengi sana na tumekosea kwa mmoja. Nikamwambia amtaje huyo mmoja kwa jina.

Barua ya Gerishom bado ninayo. Nimeisoma tena na tena nikitafuta neno ambalo lingepasa kunishtua. Halimo. Ningeletewa leo nyingine kama hiyo, nisiijue, ningeijibu vile vile. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mwishowe tumekubaliana hivi. Majina hayataonekana tena. Anayemtafuta mtu atatuandikia, na aliye kambini ataulizwa kwanza. Akikataa, mtafutaji ataambiwa hatuna jibu, maneno yale yale anayoambiwa mtu ambaye nduguye hajapatikana, ili asiweze kutofautisha. Ramani itabaki kama ilivyo, ila nukta za nyumba zilizohamwa tumezificha, wezi wasizione.

Nakuomba uniambie Faith yuko wapi, nimwandikie. Na unisamehe kwa lile neno.

Sidi


Msambweni
21 Januari 2024

Mwanangu Sidi,

Marahaba. Tumerudi nyumbani. Matope tumeyatoa kwa majembe, na milango imevimba, haifungi. Kazini nimerudi, wageni wamejaa Diani, na ukiwaona ufukweni hutajua kwamba kulikuwa na mafuriko. Mama yako alikuja akakaa nami wiki moja. Chumba cha uani kiko tupu. Wapangaji wanakuja kukiuliza, nami nasema bado kinakauka.

Esha amenisimulia habari za swali lenu jipya. Mlimwandikia aulize kama mtu anaridhia taarifa zake zitolewe kwa wanaomtafuta. Alikwenda nalo kambi ya upande wa Vanga, na kila mtu akaridhia, kwa kuwa ni utovu wa adabu kumkatalia mgeni aliyekuletea unga. Aliona haiwezekani wote waridhie. Akalibadilisha mwenyewe. Sasa anamwita mtu pembeni, mke mbali na mume, mama mkwe mbali na mkwe, anamwuliza, "Kuna mtu usiyetaka ajue kwamba uko hapa?" Anasema wengi wanacheka. Halafu kuna wasiocheka.

Umeniomba nikusamehe. Nimekusamehe, lakini usidhani lile neno halikufika. Nilikulea mama yako alipokuwa kazini, na hukuniona hata siku moja nikitamani mtoto wa mtu. Wewe hukuwa wa mtu.

Walipo, hapana.

Shangazi yako,
Jumwa


Utrecht
27 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa masika. Chengo amenitumia picha ya Jumwa mdogo akiwa amekaa mwenyewe. Kweli ni Mama mtupu. Mimi nimehamia chumba kingine chenye dirisha la kuelekea mfereji. Nikiona maji yako juu natazama mara mbili, kisha nakumbuka kwamba huku ndivyo yanavyokaa siku zote.

Tumeifungua tena tovuti kwa mvua hizi. Wiki iliyopita uliingia ujumbe wa mtu anayesema ni mjomba wa Gillian. Jina ni jingine, lakini maneno nayajua. Anasema kuna mtu anayetaka tu kujua kama mtoto anakula na kulala. Nilimjibu kama tunavyowajibu wote, kwamba hatuna jibu. Nilipokwisha kuandika nikatambua kwamba sikumdanganya. Kweli sijui.

Kuna jingine. Katika kambi mojawapo yupo mzee Kahindi, aliyemwambia Esha kwamba hataki wanawe wajue alipo. Hakutoa sababu, na hatukumwuliza. Wanawe wanaandika kila siku. Wametuma picha yake. Wanasema wameshapita hospitali zote za Mombasa. Nawaamini, Shangazi, naamini kila neno lao, na nawajibu kwamba hatuna jibu. Jana baada ya kuwajibu niliinuka nikatoka nje bila koti. Nilikuwa nawaona wewe na Mama na ile picha.

Sidi


Msambweni
12 Mei 2024

Mwanangu Sidi,

Marahaba. Safari hii maji yamefika nusu ya shamba yakarudi. Mihogo imeoza lakini nyumba ni kavu. Jumwa mdogo anatambaa, na kila kilicho chini ni chakula chake. Mama yako goti linamsumbua, hataki kwenda hospitali. Mwandikie wewe, mimi hanisikii.

Mzee Kahindi simjui, na kwa nini amejificha sijui. Labda wanawe ni wabaya, labda yeye ndiye mbaya. Nilipokuwa natembea na mama yako, kama mtu angetuambia kwamba baba yako Kavumbi yu hai ila hataki kutuona, tungemkasirikia huyo mtu, tukamkasirikia na Kavumbi, kisha tukarudi nyumbani tukala. Wale watoto nawaonea huruma. Hata hivyo umewajibu sawa. Uvae koti unapotoka.

Wakati ule uliniuliza Faith na mtoto walipo, nikakukatalia. Barua yako ya safari hii nimeisoma hadi mwisho nikilingojea swali, halikuwemo. Basi nitakuambia kidogo. Mwezi huu nilipata likizo, nikaenda mahali. Mama yake ana kazi, na amenenepa kidogo. Gillian meno mawili ya mbele yamemtoka; akicheka anaziba mdomo kwa kiganja, kisha anasahau, anakiondoa.

Shangazi yako,
Jumwa